Kila maabara ina jibu lake, na baba watoto hataki kupima

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Uyole hapa Mbeya. Nauza mboga na viazi sokoni, na sasa nina mimba ya miezi mitano. Shida yangu ni mwanangu wa kwanza, wa darasa la pili. Tangu arudi likizo kwa bibi yake Kyela analalamika tumbo. Leo anakula vizuri, kesho anasukuma sahani. Amepauka, na mwalimu wake ameniambia anasinzia darasani.

Nilimpeleka zahanati moja ya mtaani, wakapima choo, wakasema ni amiba. Tukapewa Flagyl, tumbo likatulia kidogo, kisha likarudi. Nikaenda maabara nyingine, wakaandika hawajaona kitu. Baba yake akakasirika, akasema watu hawa wanakula hela tu, akanunua Flagyl nyingine duka la dawa. Shuleni nako walipewa dawa ya minyoo, nikadhani yameisha. Wapi! Sasa kituo cha afya wananiambia nilete choo kwa siku tatu tofauti. Mama, kama hawakuona mara ya kwanza, mara ya tatu wataona nini?

Hata kukipeleka kwenyewe ni aibu. Mtoto huwa anapata choo jioni, kwa hiyo nilikiweka kwenye kopo la mafuta ya kupaka, nikalificha nyuma ya nyumba, asubuhi nikapanda nalo daladala nimelifunga kwenye kanga, roho mkononi. Mama mkwe aliposikia akanipigia simu. Anasema kinyesi cha mtoto hakipelekwi kwa watu nisiowajua, watamchezea, na atanitumia dawa ya mchango kwa basi.

Kuna jingine sijamwambia mtu. Nikifua nguo za baba watoto nimeona vipande vyeupe, bapa, kama tambi iliyokatwakatwa, na kimoja kilikuwa kinajisogeza. Nilipomuuliza akasema ni mambo ya tumbo tu, nisiongee tena. Tunafuga nguruwe, na kiangazi huwa tunawaachia wajitafutie. Nyama yake tunakula nyumbani, na yeye hula kitimoto na wenzake. Je, hilo linahusiana na ugonjwa wa mtoto? Na mimi na mimba hii nipime?

Mama wa Uyole

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa kubeba yote haya peke yako. Ruhusu nianze na lile uliloliweka mwisho, kwa sababu linaigusa nyumba nzima, pamoja na mtoto aliye tumboni.

Kwa maelezo yako, hivyo ni vipande vya tegu. Hakuna mnyoo mwingine wa kawaida huku kwetu anayetoka kwa vipande bapa namna hiyo. Tegu hukaa kwenye utumbo mwembamba, anafika mita kadhaa, na pingili zake za mwisho zikishajaa mayai hukatika na kutoka. Mtu anaweza kuishi naye miaka asijisikie mgonjwa, ndiyo maana baba watoto anaona ni mambo madogo.

Wapo tegu wa aina mbili tunaowapata kwa nyama, wa ng'ombe na wa nguruwe. Pingili inayojisogeza na kufika yenyewe kwenye nguo ni tabia zaidi ya tegu wa ng'ombe. Ya tegu wa nguruwe kwa kawaida hutoka kimya pamoja na choo. Kwa hiyo inawezekana kabisa mumeo amempata huyo wa ng'ombe, ambaye ni kero lakini si hatari sana. Ila katika nyumba yenye nguruwe wanaozurura, sitaki mtu yeyote abahatishe hapo, hata mimi.

Sababu ni hii. Ukila nyama ya nguruwe yenye vifuko vya mnyoo huyu ikiwa haijaiva, unapata tegu tumboni. Lakini ukimeza mayai yanayotoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu wa nguruwe, mambo yanakuwa mengine kabisa. Mayai huanguliwa, viluwiluwi vinapenya ukuta wa utumbo, vinasafiri na damu na kwenda kutengeneza vifuko kwenye misuli, kwenye macho na kwenye ubongo. Vikiwa kwenye ubongo huleta maumivu makali ya kichwa na kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi ambako watu wanaishi karibu na nguruwe wanaozurura, takriban asilimia 30 ya kifafa inahusiana na mnyoo huyu. Nyanda zetu za juu kusini ni miongoni mwa maeneo ambako amethibitishwa kuwapo, na watafiti wamefanya kazi Mbozi na Mbeya vijijini kuanzia mwaka 2012 kutafuta namna ya kumdhibiti.

Angalia maana yake kwa jikoni kwako. Mtu anaweza kupata vifuko vya ubongo bila kuonja kitimoto maisha yake yote. Inatosha kula kachumbari iliyokatwa na mtu mwenye tegu ambaye hakunawa vizuri alipotoka chooni. Anayekaa nyumba moja na mtu mwenye tegu ndiye aliye karibu zaidi na hatari hiyo, na mwenye tegu anaweza hata kujiambukiza mwenyewe. Mwambie baba watoto haya mkiwa wawili tu, bila kumsema, bila mama mkwe kusikia. Mwanaume anayeona aibu kwa ajili ya tumbo lake mara nyingi husikia unapomtajia vichwa vya watoto wake.

Tena kwake yeye kipimo kina njia rahisi. Akiona kipande tena, asikishike kwa mkono mtupu. Akichukue kwa kijiti au kwa mfuko wa plastiki, akiweke kwenye kikopo chenye maji safi kidogo, afunike, akipeleke maabara siku hiyohiyo. Kipande hicho kina faida kuliko choo peke yake. Mayai ya tegu hawa wawili yanafanana kabisa kwenye hadubini, hakuna mtaalamu atakayekuambia haya ni ya ng'ombe na haya ya nguruwe. Lakini pingili ikibanwa kati ya vioo viwili huonyesha matawi ya mfuko wa mayai, na mpimaji huyahesabu upande mmoja. Wa nguruwe huwa na matawi machache, kama 7 hadi 13, wa ng'ombe huwa nayo mengi zaidi. Na apeleke choo pia, ila akiambiwa hakuna mayai wakati vipande vinaonekana kwenye nguo, asikubali kwamba yameisha. Pingili za tegu mara nyingi hutoka nzimanzima, na slaidi ya choo ikabaki tupu.

Dawa ipo na inafanya kazi, prazikwanteli ikiwa mojawapo. Hii ndiyo sababu sitaki ainunue dukani: kama mtu tayari ana vifuko kwenye ubongo bila kujua, dawa hiyo inaweza kuviamsha akaumwa kichwa vibaya au akapata degedege. Daktari lazima aambiwe kama amewahi kuanguka, kama ana kichwa kisichoisha, au kama amewahi kuona vinundu chini ya ngozi. Wakati anasubiri, anawe kwa sabuni kila akitoka chooni, asikate chakula kinacholiwa kibichi, na nguruwe wafungwe bandani leo, msingoje mvua zianze. Nguo zake za ndani zifuliwe kwa maji ya moto, nawe unawe baada ya kuzigusa.

Sasa mwanao. Unasema kila maabara ina jibu lake, na baba yake anaona wizi. Ngoja nikueleze kinachofanyika nyuma ya lile dirisha la kupokelea vikopo, maana watu wengi hawajawahi kuambiwa.

Mpimaji huchukua chembe ya choo kwa ncha ya kijiti, kama miligramu 2 hivi, akaichanganya na tone la maji ya chumvi kwenye kioo. Pembeni huweka nyingine na tone la ayodini, ambayo hutia rangi ya kahawia ili umbo la ndani la kimelea lionekane. Anafunika kwa kioo chembamba na kuangalia kwa hadubini, mstari kwa mstari. Kijiko kimoja cha chai cha choo kina gramu 5 hivi. Maana yake katika kila tone anatazama sehemu 1 kati ya 2,500 ya ulichomletea, na ulichomletea nacho ni sehemu ya choo cha siku moja tu.

Kama mtoto ana mchango, yaani ule mnyoo mrefu wa mviringo, hilo halina shida, kwa sababu jike mmoja hutaga mayai yapata 200,000 kwa siku. Safura, mnyoo mdogo anayenyonya damu utumboni, hutaga machache kuliko huyo, na mtoto mwenye safura wachache anaweza kutoa slaidi tupu huku damu yake inanyonywa. Na kuna jiardia, kimelea kidogo mno ambacho hutoka kwa vipindi. Leo wamejaa kwenye choo, kesho na keshokutwa hakuna hata mmoja, kisha wanarudi. Hapo ndipo zinapotoka zile siku tatu. Waliokuagiza hivyo wanafanya kazi yao vizuri, nami nafurahi umewapata. Si lazima ziwe siku za kufuatana: ruka siku moja moja, zote ndani ya siku 10. Uliza pia kama wanaweza kufanya kipimo cha kukusanya, ambapo choo huchanganywa na fomalini na etha, kikazungushwa kwenye mashine hadi mayai na vimelea vituame chini. Kinapata vitu ambavyo tone la kawaida linaviacha.

Kuhusu amiba ile ya zahanati, nina mashaka nayo, na nasema hivyo bila kuwadharau. Iko amiba inayokula ukuta wa utumbo na kuleta choo chenye damu na kamasi. Iko ndugu yake isiyodhuru mtu, na kwenye hadubini vifuko vyao, tunavyoviita sisti, havitofautiani hata kidogo. Ipo na ya tatu, kubwa zaidi, ambayo nayo hukaa tu utumboni bila ubaya. Kwa hiyo karatasi iliyoandikwa «amiba» na kugongwa muhuri haijasema kitu bado. Siku nyingine muulize mpimaji kwa upole: umeona sisti au trofozoiti, yaani ile hai inayotembea? Na ndani yake kulikuwa na chembe nyekundu za damu? Ikiwa na chembe za damu ndani, hiyo ndiyo yenyewe, itibiwe haraka. Mwanao hujaniambia kwamba anaharisha damu, na mtoto anaweza kuwa na sisti zile za bure huku tumbo linaumwa kwa sababu nyingine.

Kwamba alitulia baada ya Flagyl hakuthibitishi amiba, kwa sababu dawa hiyohiyo humuua jiardia. Huenda ndiye aliyekuwa naye tangu mwanzo, akapona, akaambukizwa tena kwa maji yaleyale. Na ile Flagyl ya pili baba yake aliyoinunua, pamoja na hasira zake, imetufanya tusione: vimelea vikishalewa dawa havionekani kwenye slaidi ingawa havijaisha. Kuanzia dozi ya mwisho hesabu wiki 2 ndipo upeleke choo. Dawa ya shuleni nayo, kama ilikuwa kidonge kimoja cha albendazoli, huwasafisha mchango vizuri, mnyoo wa mjeledi kwa sehemu tu, na jiardia haiwezi kumtoa kwa dozi moja. Wala tegu.

Kyela usiiache nyuma. Kule ni joto, ardhi ina unyevu, watoto wanashinda peku kwenye mipunga na chini ya mikakao, na viluwiluwi vya safura huingia kwa kupenya ngozi ya mguu. Baridi yetu ya Uyole haiwapendezi sana hao. Mpimaji akijua mtoto ametoka Kyela atatafuta kwa jicho lingine, kwa hiyo mwambie, au mwombe daktari aliandike kwenye fomu. Safura huchukua kama wiki 5 hadi 8 tangu aingie mguuni hadi mayai yaonekane kwenye choo, na mchango miezi 2 hadi 3. Choo kilichopimwa mara tu alipotoka likizo kisingeonyesha kitu hata kama alikuwa nao. Na kama aliogelea ziwani, sema pia. Kichocho cha mkojo hutafutwa kwenye mkojo, na mkojo mzuri kwa kazi hiyo ni wa kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana.

Kupauka na kusinzia darasani kunanitia wasiwasi kuliko tumbo lenyewe. Siku ya kupeleka choo omba wapime wingi wa damu, na malaria kwa sababu ya hiyo safari. Damu ikiwa chini, hiyo itibiwe bila kungoja choo cha tatu. Na tumbo likivimba likawa gumu, akitapika bila kukoma, akishindwa kupata choo kabisa au akitoa damu, achana na vikopo, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

Tuje kwenye kopo lako. Kopo la mafuta ya kupaka halifai hata ukilisugua namna gani, matone ya mafuta hutapakaa kwenye kioo na kuficha vitu. Kituo cha afya watakupa kikopo chenye kifuniko, kiombe mapema. Mwekee mtoto karatasi safi au poti kavu, asikojolee ndani, maana mkojo huua amiba hai, na usiokote choo chini kwenye udongo, kwa sababu udongo una viumbe wake wanaoweza kumchanganya mpimaji. Kiasi cha kijiko cha chai kinatosha. Kama kuna sehemu yenye kamasi au damu, hiyo ndiyo uichukue. Andika jina na saa aliyopata choo.

Saa ndiyo watu wanaidharau. Choo cha majimaji au chenye damu kinatakiwa kionwe ndani ya nusu saa, kwa hiyo hicho kitolewe palepale kituoni, kisisafirishwe kwa daladala. Choo kigumu kinaweza kungoja, sisti na mayai ni vigumu kufa, ila kifunikwe na kikae mahali penye ubaridi na kivuli. Kikilala kwenye joto, mayai ya safura huanza kuanguliwa. Mtoto wa jioni anaweza kuzoezwa: uji wa moto asubuhi, akae chooni bila kuharakishwa, siku za Jumamosi hasa. Ikishindikana, leta cha jioni mapema dirisha likifunguliwa tu, na useme ni cha jioni. Wewe usione haya. Sisi tunaopima tumeshika vikopo vya wakulima, vya walimu, vya wachungaji na vya waheshimiwa, na hakuna anayemkumbuka mtu kwa choo chake. Mtu wa kwanza kumwona jiardia alikuwa Mholanzi, Antonie van Leeuwenhoek, mwaka 1681, na choo alichokipima kilikuwa chake mwenyewe.

Mama mkwe mpigie simu wewe mwenyewe, umsalimie vizuri kabla ya yote. Hofu yake ni ya mtu anayempenda mjukuu. Mweleze kwamba kikopo kinapewa namba, chembe ile ndogo inaishia kwenye kioo, na kinachobaki hutiwa dawa ya kuua vijidudu na kuteketezwa pamoja na taka za hospitali. Akitaka, mtoto akiwa kwake apimwe kulekule naye aongozane naye hadi dirishani. Dawa ya mchango usimpe kwa sasa. Hatujui imechemshwa na nini na kwa kipimo gani, na mtoto aliyepauka hana damu ya kuchezea.

Nawe pima. Mama mjamzito mwenye safura hupungukiwa damu yeye na anayembeba, na kipimo cha choo hakina madhara yoyote kwa mimba. Kliniki ya wajawazito hutoa dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza kupita, kwa hiyo wewe umeshafika, uwaulize kama walikupa. Dawa nyingine yoyote, hasa ya tegu, usimeze bila wao kujua. Na waambie kuhusu vipande ulivyoviona kwenye nguo, hata kama baba watoto bado hajakubali kwenda. Hilo si kumsaliti. Wanahitaji kulijua ili wakuangalie vizuri.

Yeye akishatibiwa, choo chake cha siku 3 za mwanzo kikaguliwe kama pingili zinatoka, kisha apime tena baada ya mwezi 1 na baada ya miezi 3. Kichwa cha tegu kikibaki kimeng'ang'ania utumboni, mnyoo huota upya, na vipande vitarudi kwenye nguo ndani ya muda huohuo. Mtoto naye apimwe tena wiki 2 hadi 4 baada ya kumaliza dawa atakayoandikiwa. Karatasi zote za majibu, pamoja na zile zilizoandikwa hakuna kilichoonekana, zibandike kwenye daftari lake la kliniki na uende nazo kila mahali, ili anayefuata aanzie pale mwenzake alipoishia.